Printa ni nzima, njia ndiyo iliyobadilika
Wengi wanaofanyia kazi nyumbani, printa ikigoma baada ya kuwasha VPN ya ofisi (programu inayounganisha kompyuta na mtandao wa ofisi kwa njia ya siri), huifuta kwenye kompyuta na kuisakinisha upya. Ni kazi bure. VPN nyingi za kazini huelekeza kila kitu ofisini, hata ombi la kuchapa linaloitafuta printa iliyo mezani kwako, yenye anwani ya mtandao kama 192.168.1.20. Ofisini printa hiyo haijulikani. Tena mtandao wa huko ukitumia anwani zilezile, ombi laweza kuangukia kifaa kingine kabisa.

Tafuta kwenye mipangilio ya VPN sehemu ya kuruhusu vifaa vya mtandao wa nyumbani. Ikiwa kampuni imeifunga, usilazimishe. Mara nyingi hufungwa kwa ajili ya usalama. Chomeka waya wa USB: huo haupiti mtandaoni, kwa hiyo kwa kawaida VPN haiugusi.