Seli za Mtu Mmoja Hazifanani Zote

Wengi huamini kwamba DNA ya mtu ni ileile kuanzia utosini hadi unyayoni. Sisi ambao kazi yetu ni kuisoma tunajua sivyo. Yai lililorutubishwa, kabla ya kugawanyika, hulazimika kunakili herufi za DNA zipatazo bilioni 6, na vimeng'enya vya kunakili, hata viwe makini vipi, huteleza. Katika migawanyiko ya mwanzo hubaki makosa takriban matatu kwa kila seli. Mengi hayana madhara.

Mimi huvutiwa na hesabu yake. Badiliko, yaani kosa kama hilo katika DNA, ulilorithi kwa mzazi mmoja huonekana katika nusu ya vipande vya DNA tunavyosoma, kwa kuwa jeni ina nakala mbili na moja ndiyo iliyoguswa. Badiliko jipya likitokea katika mojawapo ya seli mbili za kwanza, tunatarajia robo. Katika mojawapo ya seli nne, asilimia 12.5. Kiwango chenyewe, basi, kinadokeza kosa lilitokea lini.

Ila usiichukulie hesabu hiyo kama sheria. Seli mbili za kwanza hazijengi mwili sawa kwa sawa. Mara nyingi uzao wa mojawapo huchangia karibu theluthi mbili ya damu ya mtu mzima. Kufikia siku ya tano, seli nyingi za kiinitete zimeshaelekea kutengeneza kondo la nyuma, na ni chache tu za ndani zitakazokuwa mtoto. Bahati ina sehemu yake hapo.

Chukua ugonjwa wa McCune-Albright, unaotokana na badiliko katika jeni ya GNAS: mabaka ya rangi ya kahawa ngozini, mifupa dhaifu, kubalehe mapema mno. Haurithiwi. Inaaminika kiinitete chenye badiliko hilo katika kila seli hakiishi, hivyo wagonjwa wote ni mchanganyiko wa seli nzima na zenye kasoro. Damu yao inaweza kuonekana safi kabisa huku mfupa umejaa badiliko.

Ndiyo maana siwaambii wazazi wenye damu safi kwamba badiliko jipya la mtoto wao haliwezi kujirudia kwa mtoto mwingine. Huenda limejificha katika korodani au ovari. Baba anaweza kupimwa manii. Kwa mama hakuna kipimo chepesi namna hiyo.