Kaboni Sita za Sukari, Kaboni Sita za Petroli

Wanafunzi wangu wa biokemia hapa Kisumu hufika darasani wakiwa wamekariri majina ya vikundi vya atomi: haidroksili, kaboksili, amino, fosfeti. Mimi huanza kwa kuwauliza swali moja tu: molekuli hii itashikana wapi na maji? Anayeweza kulijibu ameshaelewa nusu ya kemia ya uhai.

Chukua glukosi na heksani. Kila moja ina kaboni sita. Glukosi ni C6H12O6, inasafiri kwenye damu yako sasa hivi, imeyeyuka kabisa. Heksani ni C6H14, imo ndani ya petroli, na ukiimimina kwenye maji itaelea juu bila kuchanganyika. Uti wa kaboni ni wa urefu uleule. Kinachozitofautisha ni kwamba glukosi imebeba haidroksili tano, yaani oksijeni na haidrojeni zikiwa pamoja, –OH, ilhali heksani haina hata moja.

Na kwa nini maji yaipende –OH? Kwa sababu yenyewe yameumbwa hivyohivyo. Katika maji oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko haidrojeni, basi upande wake unakuwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo. Molekuli nayo haikunyooka, imepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5, kwa hiyo chaji hizo hazifutani. Haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Mvuto huo, bondi ya haidrojeni, ni dhaifu ukiutazama peke yake, lakini ni mwingi mno. Molekuli ya salfidi ya haidrojeni, H2S, ni nzito kuliko ya maji, ila huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri kwa kuwa bondi hizo karibu hazipo. Maji husubiri hadi nyuzi 100 usawa wa bahari. Hapa Kisumu, mita 1,100 na ushee juu, huchemka karibu nyuzi 96, na Eldoret hupungua zaidi, ndiyo maana githeri ya huko hukawia jikoni. Ziwa Victoria lingekuwa mvuke mtupu kama si bondi hizi.

Kaboni kazi yake ni kujenga. Ina nafasi nne za kuungana, hivyo inaweza kufanya mnyororo, tawi au pete. Lakini tabia ya molekuli huamuliwa zaidi na vipande vinavyoning'inia kwenye uti huo, vile tunavyoviita vikundi tendaji.

Ukanda wetu wa miwa unalionyesha jambo hili vizuri sana. Sukari ya mezani ina haidroksili nane, ndiyo sababu inazama na kupotea ndani ya chai. Molasi inayobaki kiwandani bado ina sukari, na kule Muhoroni huchachushwa kupata spiriti. Hamira huikata kila glukosi ikatoa ethanoli mbili, yaani kilevi kilichomo kwenye pombe, na kaboni dioksaidi mbili. Ethanoli ina kaboni mbili na –OH moja. Mtu akiinywa, kimeng'enya cha ini, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, huondoa haidrojeni mbili, –OH inageuka kuwa kundi la aldehaidi, na tunapata asetaldehaidi. Kimeng'enya cha pili huigeuza kuwa asidi asetiki, ileile ya siki, ambayo mwili huitumia kama nishati. Uti haukuguswa, kundi ndilo lililobadilishwa.

Sasa punguza kaboni moja. Methanoli nayo ina –OH, nayo huchanganyika na maji kwa kiwango chochote, na mnywaji hawezi kuitenga kwa harufu wala kwa ladha. Ini huipitisha njia ileile, lakini mwisho wake si siki. Hutoka fomaldehaidi, kisha asidi fomiki, ambayo huzuia seli kutumia oksijeni na kuharibu neva ya jicho. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu nchini. Hamira haitengenezi methanoli kutokana na sukari ya miwa wala sukari nguru. Ile inayoua kwa wingi namna hii ni kemikali ya viwandani ambayo mtu ameimimina humo. Jambo hili linanikasirisha kila ninapolifundisha.

Hospitali huweza kumtibu mgonjwa kwa ethanoli iliyopimwa, kwa sababu kimeng'enya cha ini huishika ethanoli kwa urahisi zaidi na kuiacha methanoli itolewe mwilini kabla haijageuzwa asidi. Pia ipo dawa iitwayo fomepizoli inayokizuia kimeng'enya hicho moja kwa moja. Usijaribu tiba hiyo nyumbani kwa kumwongezea mgonjwa pombe. Dalili huweza kuchelewa hata siku nzima, basi aliyekunywa jana akisema anaona ukungu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama bado anatembea na kuzungumza vizuri.