Kamera ya daraja la kati ni ipi hasa?

Wengi wakisikia "kamera ya daraja la kati" hufikiria bei kwanza. Mimi pia nilianzia hapo. Nilikuwa na fedha ya kiasi, nikaingia dukani nikaomba kamera "ya katikati", nikapewa ya mfukoni yenye megapikseli 20 (yaani picha ya nukta milioni 20), idadi yenyewe imeandikwa kwa rangi ya dhahabu ubavuni. Wiki hiyohiyo niliamka alfajiri nikaenda Mikindani, mji wa pwani jirani na Mtwara. Ngalawa zilikuwa zinarudi kutoka kuvua, ghuba imetulia tuli, jua bado. Nilipiga picha zisizopungua themanini. Nilipofika nyumbani na kuzikuza, nyuso za wavuvi zilikuwa chengachenga, kama uji ulioachwa bila kukorogwa. Megapikseli zote 20 zilikuwepo, lakini mwanga ulioingia kwenye kamera ile ulikuwa kidogo mno.

Kamera ya daraja la kati, kwa maana inayomsaidia mnunuzi, ni ile yenye mambo matatu kwa pamoja: kihisi (kipande kinachopokea mwanga) kikubwa kuliko cha simu kwa mbali sana, lenzi inayofunguliwa na kubadilishwa, na vitufe vinavyokuachia uamue mwenyewe mwanga uingie kiasi gani na kwa muda gani. Chini yake zipo simu na kamera ndogo za mfukoni, ambazo huamua mengi kwa niaba yako. Juu yake zipo kamera za watu ambao picha ndiyo mkate wao, wanaohitaji chombo cha kupigwa na mvua na kubamizwa mwaka mzima kisiharibike. Ya kati ni ya mtu anayepiga picha kwa mapenzi: ana kazi yake nyingine, lakini Jumamosi asubuhi utamkuta mikokoni anamvizia mdiria.

Daraja hili halina umri mkubwa. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamera ya dijitali yenye lenzi ya kubadilisha ilikuwa mali ya magazeti na studio. Mwaka 2003 Canon walitoa EOS 300D, na pamoja na lenzi yake iliuzwa Marekani kwa chini kidogo ya dola 1,000. Ilikuwa na megapikseli 6.3 tu. Watu wa kawaida walichapisha picha zake wakazitundika ukutani, na hakuna aliyelalamika kuwa hazionekani.

Hapo ndipo hesabu ya megapikseli inapaswa kueleweka. Picha ya ukubwa wa A4, ikichapishwa kwa ubora wa nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji megapikseli 8.7 hivi. A3 inahitaji zaidi kidogo ya 17. Kamera nyingi za daraja la kati zilizotoka miaka kumi iliyopita zina 20 au zaidi. Kwa hiyo muuzaji akianza kwa kukutajia megapikseli, anakutajia kitu ambacho tayari unacho cha kutosha. Muulize kihisi kina ukubwa gani.

Kihisi ni kile kipande bapa kinachong'aa nyuma ya lenzi, mahali palipokuwa pakikaa filamu zamani. Wengine hukiita sensa. Mimi natumia kihisi kwa sababu sensa kwetu ni ile ya watu na makazi. Kazi yake ni kupokea mwanga, na anayetaka kukielewa haraka akumbuke maji ya mvua. Kule juu kwenye uwanda wa Wamakonde, Newala na Tandahimba, maji yalikuwa shida tangu enzi za mababu, na mvua ikinyesha kila chombo hutolewa nje. Weka karai na kikombe uani chini ya mvua ileile, kwa dakika zilezile. Mvua haikupendelea karai, lakini karai ndilo lenye maji ya kupikia. Kihisi kikubwa ni karai. Mwanga ukiwa haba, wakati wa alfajiri, magharibi, au chini ya mikorosho iliyoshikana, kihisi kidogo hubaki na matone machache, na kamera inalazimika kuyakuza. Zile chenga unazoziona ndizo matokeo ya kukuzwa huko.

Vipimo vyenyewe si siri. Kihisi kikubwa kinachoitwa fulifremu kina milimita 36 kwa 24, sawa na filamu ya zamani. Kinachofuata huitwa APS-C, na kwa Nikon, Sony na Fujifilm kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, cha Canon ni kidogo zaidi. Kisha kipo cha Micro Four Thirds, milimita 17.3 kwa 13, kinachotumiwa na Olympus (sasa OM System) na Panasonic. Kile kiitwacho cha inchi moja, kwenye kamera za mfukoni zilizo bora, kina milimita 13.2 kwa 8.8 tu, licha ya jina lake. Ukizidisha utaona kuwa APS-C ina eneo takriban mara tatu ya hicho cha inchi moja. Daraja la kati makazi yake hasa ni APS-C na Micro Four Thirds.

Mtu atasema: basi ninunue fulifremu nimalize. Kwa anayepiga picha nje kama burudani, mimi simshauri, na sababu si fedha peke yake. Kihisi cha APS-C hukata kingo za picha, kwa hiyo lenzi ya milimita 200 huona kama ingekuwa ya 300 (milimita zikiwa nyingi, lenzi huvuta mbali zaidi). Kwenye Micro Four Thirds lenzi hiyohiyo huona kama ya 400. Furukombe aliyetua ng'ambo ya Ruvuma hasogei kwa sababu una kamera ya bei mbaya. Mwenye fulifremu, ili amfikie, atabeba lenzi ndefu zaidi, nzito zaidi na ya gharama zaidi. Wewe utatembea na ya 70–300 begani hadi ufukwe wa Msimbati bila mgongo kulalamika.

Na lenzi ndiyo sehemu ninayotaka nikae nayo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza fedha zao. Kamera nyingi huuzwa na lenzi ya 18–55. Si mbaya. Inachukua mandhari, inachukua kundi la watu, ni nyepesi. Lakini angalia namba iliyoandikwa kwenye mdomo wake: 3.5–5.6. Hiyo ni namba ya tundu la kupitishia mwanga, na inasomwa kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukivuta zumu hadi 55, tundu kubwa kabisa unaloruhusiwa ni 5.6. Sasa chukua lenzi ya milimita 50 isiyo na zumu yenye namba 1.8, ambayo karibu kila kampuni inatengeneza na ni miongoni mwa lenzi zao za bei nafuu. Tundu lake likiwa wazi kabisa hupitisha mwanga takriban mara kumi ya lile la 5.6. Mara kumi! Hakuna bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, itakayokupa ongezeko hilo kwa fedha hiyo. Ndiyo maana mtu akiniambia ana kiasi fulani na anataka kukimaliza chote kwenye bodi, namwomba ashuke ngazi moja kwenye bodi, kinachobaki akiweke kwenye lenzi.

Jua letu nalo lina madai yake. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hutufika utosini mara mbili kwa mwaka, siku za karibu na 20 Februari na tena karibu na 20 Oktoba, msimu wa korosho ukiwa umeiva. Saa sita ya mchana siku hizo mti hauna kivuli cha kukaa, na macho ya mtu kwenye picha huwa mashimo mawili meusi. Fikiria waumini wanatoka msikitini Ijumaa: kanzu nyeupe, ngozi nyeusi, ukuta wa chokaa nyuma. Simu huchagua kimoja, na mara nyingi huchagua kanzu. Kamera ya daraja la kati inakuruhusu kuhifadhi faili ghafi (RAW), ambalo badala ya ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi kama ilivyo kwenye JPEG, lile faili la kawaida la picha, linaweza kubeba ngazi 16,384 kwenye kamera za biti 14. Ukirudi nyumbani unaweza kuziinua nyuso kutoka gizani bila kuichoma kanzu. Niliujua uzito wa jambo hili ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, nguzo ziko kivulini na jua linamwagika kati yake. Katika JPEG za siku ile, kuba zake zimezama kwenye weusi. Katika faili ghafi za mibofyo ileile, mawe ya matumbawe yanahesabika moja moja.

Kichujio cha kupunguza mng'ao wa maji nakitaja kwa kupita: kinazungushwa mbele ya lenzi, na bahari inayong'aa kama bati inakuonyesha mwamba ulio chini yake. Nunua kimoja.

Tatizo kubwa zaidi kwa sisi wa pwani ni chumvi na unyevu. Baadhi ya kamera za daraja hili zina mipira midogo kwenye viungo vyake ya kuzuia vumbi na matone: Nikon D7500, Canon EOS 90D, Olympus E-M5 Mark III. Nyingine zilizo jirani nazo kwa bei hazina, mfano Nikon D5600. Lenzi nayo lazima iwe na kinga hiyo, vinginevyo maji yataingilia mlango wa pili. Kinga hii haimaanishi kuichovya kamera majini. Inamaanisha kwamba povu la kusi likikurukia ukiwa kwenye mashua ya Songo Mnara, una nafasi ya kuifuta. Ifute jioni hiyohiyo, kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu. Usisubiri kesho.

Unyevu unafanya kazi kimya. Nilikuwa na lenzi ya 55–200 niliyoiacha kabatini ndani ya mfuko wake wa ngozi tangu Desemba hadi Aprili, mvua zote zikapita. Nilipoitoa na kumulika ndani kwa tochi, niliona nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui, zimeanzia ukingoni na kutambaa kuelekea katikati ya kioo. Ni kuvu. Fundi aliifungua akasafisha alichoweza, lakini alama zilibaki zimechorwa kwenye kioo. Tangu hapo lenzi zangu zinakaa kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Chembe zikishashiba unyevu, badilisha.

Tochi hiyohiyo ndiyo ya kwenda nayo unaponunua mtumba, na mtumba si aibu, wala si kubahatisha ukijua unachotazama. Mulika lenzi kutoka nyuma utafute utando. Uliza bodi imeshabofya mara ngapi, kwa sababu shata, pazia linalofunguka kupitisha mwanga kila unapobofya, ina umri wake: ya D7500 imepimwa kwa mibofyo 150,000, ya 90D 120,000. Kuhusu ubishi wa kamera zenye kioo cha kuakisi ndani (kama D7500 na 90D) na hizi mpya zisizo nacho, kama Nikon Z50, Canon R10 au Sony a6400, mpya ni nyepesi na fokasi zake zinafuata macho ya mnyama au mtu kwa ustadi mkubwa. Zenye kioo zinashinda kwenye betri: kwa vipimo rasmi, D7500 inapiga picha 950 kwa chaji moja, Z50 kama 300. Ukienda kushinda kisiwani, beba betri ya pili, au chagua yenye kioo.

Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani kwetu alinifuata Shangani, hapa Mtwara, akiwa na simu mkononi. "Shikamoo mwalimu. Hii ni ya daraja la kati?" Tangazo lilionyesha kamera ya mfukoni, maandishi makubwa ya megapikseli juu yake. Nikamwambia, "Mdogo wangu, rudisha simu mfukoni, twende tukae." Tulichukua karibu saa nzima kwenye hayo niliyoyaandika hapa. Miezi mitatu baadaye alipata bodi ya APS-C iliyotumika, lenzi ya 18–55 iliyokuja nayo, na ya 50 yenye namba 1.8 aliyoinunua peke yake.

Picha yake ya kwanza aliyoniletea alikuwa amempiga bibi yake barazani, jua limeshazama, anabangua korosho. Uso umefifia nyuma. Kilicho wazi ni vidole: vimepakwa majivu dhidi ya mafuta ya ganda, ncha zake nyeusi kwa mibanguo ya miaka, na kati ya kidole gumba na cha shahada kiini kizima cheupe ambacho hakikuvunjika. Hakutumia flashi. Mwanga wote ulitoka mlangoni.