Kaunsela wa shule akikupigia simu, pokea

Wazazi wenzangu habari zenu. Mimi ni kaunsela kwenye shule ya msingi huku Marekani, watoto wa chekechea mpaka darasa la tano, na nikipiga simu nyumba ya watu wetu, baada ya salamu tu nasikia "amefanya nini tena?" Hajafanya kitu mama, labda kila asubuhi anasema tumbo linauma na nesi haoni ugonjwa, nataka kujua kama analala vizuri, kama kuna msiba nyumbani, basi.

Kazi yetu ni kuingia madarasani kufundisha watoto kusema hasira zao bila ngumi, kukaa na vikundi vidogo vya waliofiwa au ambao wazazi wameachana, halafu kuongea na mmoja mmoja kwa muda mfupi. Si matibabu, anayehitaji zaidi tunakuelekeza kwa wataalamu wa nje na wewe ndo unaamua. Chama chetu cha makaunsela kinapendekeza wanafunzi 250 kwa kaunsela mmoja na shule nyingi zimepitiliza, kwahiyo ukisubiri nikutafute utasubiri sana, nipigie wewe.

Sasa ile hofu ya "watanichukulia watoto". Mtoto akiniambia amepigwa akaumia, au nikiona alama, sheria inanilazimisha kuripoti, sina hiari, na mwalimu na nesi vilevile. Ila kuripotiwa si kunyang'anywa, ustawi wa watoto wanachunguza kwanza na kesi nyingi haziishii kumtoa mtoto nyumbani. Yale mengine, sijui baba hana kazi, sijui bibi anaumwa, hayatangazwi.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni mtoto kufanywa mkalimani. Unamkuta binti wa miaka tisa anamtafsiria mama yake kikao kinachomhusu yeye mwenyewe, hivi unadhani atasema yote?? Shule inayopokea pesa za serikali kuu inatakiwa ikutafutie mkalimani bure, msingi wake ni sheria ya haki za raia ya 1964. Wewe taja tu neno Swahili, watakuelewa, hata kwa simu mkalimani anapatikana. Na kama umeletewa mtu wa Mombasa na wewe ni wa Uvira kule Kongo mnaachana njiani, omba mwingine, si dharau.

Kingine ambacho watu wetu hawakijui kabisa ni sheria ya McKinney-Vento ya 1987. Mmeshindwa kodi mkahamia kwa shemeji, familia mbili apatimenti moja, kwa sheria hiyo mtoto anahesabiwa hana makazi. Najua neno linauma, baba mmoja aliniambia mimi si ombaomba nina ndugu zangu, na ni kweli anao, ila ukikubali jina hilo mtoto anaweza kubaki shule aliyozoea hata kama mmehamia upande mwingine wa mji, usafiri unapangwa, chakula cha shule bure, na akihamia shule mpya anaandikishwa hata karatasi zikiwa hazijakamilika. Ikiwa mnakaa pamoja kwa kupenda tu hiyo haihusu, lazima iwe shida ndo imewapeleka. Kila wilaya ya shule ina mtu wake wa jambo hili, ulizia hapo ofisini kwa kaunsela.

Kama masomo yanamshinda na unahisi si Kiingereza tu, omba tathmini ya kuona kama anahitaji elimu maalumu, na uombe kwa maandishi, si maneno ya mlangoni jamani. Ukishasaini kukubali, sheria ya nchi nzima inawapa shule siku 60 kumaliza tathmini hiyo, japo majimbo mengine yana hesabu yao.

Halafu kuna mazoezi ya kujifungia, yale ya kujiandaa mtu mwenye silaha akiingia shuleni. Taa zinazimwa, mlango unafungwa, watoto kimya chini ya ukuta. Sasa mfikirie mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, amekua anasikia wakubwa wanaongea vita vya Kongo, mwingine anajikojolea na mwalimu anadhani ni utoto. Tukijua mapema tunamwambia kabla, tunamkalisha na mtu mzima anayemzoea, na wewe unaweza kuomba hivo. Ila tujue kwanza, maana fomu ya kuandikisha haiulizi mambo hayo.