Nyangumi Wanaokuja na Kusi Hawaji Kula

Ukiwa Kizimkazi, Mtwara au Watamu kati ya Julai na Oktoba, itazame bahari ya nje ya mwamba asubuhi, upepo wa kusi ukiwa bado haujachachamaa. Ukiona mvuke unaruka juu mita mbili tatu kisha unapeperuka na upepo, huyo ni nyangumi wa nundu akipumua, na huenda ni mama mwenye ndama ubavuni. Kwenye matangazo ya safari za boti huitwa kivutio. Mimi naomba tumtazame kwanza kama mzazi anayekaa na njaa, maana ukilijua hilo mengine yote yanaeleweka.

Nyangumi huyu hana jino hata moja. Kwenye taya lake la juu yamening'inia mabamba 270 hadi 400 kila upande, ya kitu kilekile kinachofanya kucha zetu, na kingo zake za ndani zimechanika nyuzinyuzi. Hufumbua kinywa, mikunjo ya kooni ikatanuka, akabugia maji pamoja na uduvi; kisha huyasukuma maji nje na uduvi hubaki ndani, jinsi kifumbu kinavyobakiza machicha. Ulaji wa namna hii unafaa tu pale uduvi walipojazana, na uduvi hao wako kwenye maji baridi ya Antaktika. Bahari yetu yenye joto, hiyo ya buluu inayosifiwa na wageni, ni angavu kwa sababu chakula cha aina hiyo ni kidogo ndani yake. Basi hula kule wakati wa kiangazi cha kusini, akajaza shahamu chini ya ngozi, halafu huogelea zaidi ya kilomita 6,000 kuja huku kuishi kwa akiba.

Hata leo wapo wanaomhesabu kuwa samaki. Ana mapafu, ana damu moto, na pua yake yenye matundu mawili iko utosini. Mkia umelala bapa, hupiga juu na chini, tofauti na mkia wa papa unaokwenda kushoto na kulia. Ndani ya pezi la mbele mna mifupa ya mkono na vidole, na pezi lenyewe hufikia karibu theluthi ya urefu wa mwili. Mkubwa huwa na mita 13 hadi 16 na uzito wa tani 30 hivi.

Kwa nini asafiri hivyo, tena bila kula? Kwa ajili ya ndama. Mimba huchukua miezi kumi na moja au zaidi kidogo, na ndama huzaliwa na urefu wa mita nne na kitu, uzito ukikaribia tani moja, lakini shahamu yake bado ni nyembamba. Maji ya joto humpunguzia kazi ya kutunza joto la mwili. Nyangumi wauaji, ambao huwinda ndama, ni wachache katika bahari za tropiki. Wataalamu bado wanabishana ipi kati ya sababu hizi ni kubwa zaidi. Mimi naona hazipingani. Wakati wote huo mama hunyonyesha maziwa mazito yaliyojaa mafuta, na kila tone linatoka kwenye akiba aliyokuja nayo. Boti inayomkimbiza inamlia akiba hiyo.

Madume nao huimba. Watafiti Roger Payne na Scott McVay walieleza mwaka 1971 kuwa sauti hizo zina mpangilio: beti zinazorudiwa, wimbo mzima ukichukua dakika kumi au ishirini, kisha unaanza upya, saa kwa saa. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, nao hubadilika kadiri miaka inavyopita.

Upande wa chini wa mkia una alama nyeusi na nyeupe ambazo hakuna nyangumi wawili wanaofanana kwazo. Kwa alama hizo ilijulikana habari moja ya ajabu. Dume mmoja alipigwa picha Kolombia, upande wa Pasifiki, mwaka 2013, akaonekana tena nchini humo mwaka 2017. Agosti 2022 akapigwa picha katika mlango wa bahari wa Zanzibar, karibu na Fumba. Kati ya Kolombia na Zanzibar, kwa njia fupi kabisa ya baharini, ni kilomita 13,046. Utafiti uliozilinganisha picha hizo ulichapishwa Desemba 2024. Wapo waliokimbilia kusema ni mabadiliko ya tabianchi. Inawezekana, lakini dume mmoja hatoshi kuthibitisha hilo. Huenda alikuwa anatafuta majike tu.

Kinyume chake wako ndugu zao wa Oman, ambao hawasafiri kwenda Antaktika kabisa. Pepo za msimu huinua maji baridi yenye rutuba kwenye pwani ile, kwa hiyo chakula wanakipata palepale. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha wametengana na wa kusini kwa miaka kama 70,000, na waliobaki wanakadiriwa kutofika 100.

Hawa wetu nao waliponea chupuchupu. Katika karne ya 20 zaidi ya nyangumi wa nundu 200,000 waliuawa kusini mwa ikweta. Umoja wa Kisovyeti uliripoti kuua 2,710 baada ya Vita Kuu ya Pili; kumbukumbu zilizofichuliwa baadaye zilionyesha zaidi ya 48,000. Marufuku ya kuwawinda kusini ilikuja mwaka 1963, na tangu hapo wameongezeka sana.

Hatari ya sasa katika pwani yetu ni jarife, yaani nyavu za matundu makubwa, na boti zinazosogea mno. Nahodha, nchi nyingi huweka mita 100 kuwa umbali wa chini kabisa, na zaidi kwa mama mwenye ndama. Usiwakate njia, usiingie kati yao, na usimshushe abiria majini. Akiinua mkia, piga picha ya upande wa chini, uandike tarehe na mahali. Aliyenaswa kwenye nyavu asifuatwe kwa kuogelea, maana pigo moja la mkia linaua. Mjulishe afisa uvuvi au BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi pwani. Aliyekwama ufukweni akiwa hai mwagieni maji mwilini, msimvute mkia, na mhakikishe maji na mchanga haviingii kwenye matundu ya pua.