Kufanya kazi mbili kwa pamoja hakuokoi muda
Katika ofisi nyingi za Kigoma mjini bado husifiwa karani anayejaza leja huku akijibu simu, kana kwamba ana vichwa viwili. Ukweli ni kwamba ubongo haufanyi vizuri kazi mbili za kufikiri kwa wakati mmoja. Huruka kutoka moja hadi nyingine, na kila mruko hula muda, jambo ambalo mtafiti wa saikolojia Joshua Rubinstein na wenzake wawili walilipima nchini Marekani na kulichapisha mwaka 2001. Kutembea huku ukizungumza ni suala jingine, kwani miguu imekwisha kuzoea. Lakini mtazame karani huyo akihesabu magunia ya dagaa: simu ikiita akiwa kwenye gunia la 47, akimaliza mazungumzo huanza tena na la kwanza.