Ubao wa Kafi Haugeuki kama Bodaboda

Nafundisha ubao wa kafi, ule unaosimama juu yake majini na kuusukuma kwa kafi. Jumamosi nimelisikia tena lalamiko lile, mara tatu kabla ya saa nne: "Mwalimu, nalalia kushoto lakini ubao unanyoosha tu mbele." Shukuru unanyoosha. Wenzako wawili walikwenda chini.

Eti ukitaka kukata kona, laza mwili upande huo. Wengine wameitoa kwenye pikipiki, wengine kwenye video za skii. Haya, tuanzie huko kwenye theluji. Skii, vile vibao viwili vya kutelezea, ni nyembamba katikati, pana mbele na nyuma. Ikilazwa ubavu ikiwa na mwendo, ukingo wake unakata theluji na kufuata tao la umbo hilo. Mwendo unatoka kwenye mteremko. Na hata hapo mtelezaji hodari haangukii ndani ya kona: uzito mwingi anaukanyagia skii ya nje. Sasa hapa Capri Point, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, maji yametulia, unakwenda mwendo wa mtu aliyebeba ndoo kichwani. Mteremko uko wapi?

Kinachogeuza ubao ni kafi. Kunja magoti kidogo, lichovye karibu na omo (ncha ya mbele ya ubao), kisha chora nusu duara pana, mbali na ubao, mpaka karibu na tezi (ncha ya nyuma). Ukichora kulia, omo inakwenda kushoto. Kafi lilale, likiwa wima ubavuni mwa ubao linakusukuma mbele tu. Nguvu itoke kiunoni, maana mikono peke yake inachoka kabla hujafika popote. Na macho yatangulie kule unakotaka kwenda. Anayetazama vidole vyake vya miguu huwa naanza kumhesabia: moja, mbili, chubwi.

Halafu kuna mengine nayasikia. "Ng'oa pezi la chini ya ubao, utageuka haraka." Utageuka, ndiyo, hata pale usipotaka. Pezi ndilo linalokunyoosha. Likinasa magugu maji, rudi nyuma kidogo, yanachomoka.

"Usisogeze miguu kamwe." Ushauri wa siku ya kwanza huo. Ukishazoea, rudisha mguu mmoja nyuma: tezi inazama, omo inanyanyuka, na ubao unazunguka mahali pale pale. Mzunguko huo utauhitaji mchana, upepo wa ziwani ukianza kuisukuma omo. Mimi wanafunzi wangu wote nawafundisha huo kabla hawajajua kwenda kasi, wanaonuna wanune.

"Asubuhi ziwa ni salama, halina upepo." Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Ni mpole, lakini unakupeleka mbali ukiwa umesimama unapiga picha. Kamba ya kifundoni inayokufunga na ubao, na jaketi la kuokolea havijadiliwi.

Na yule kaka aliyeniambia kichocho hakimhusu kwa sababu yeye anasimama juu ya ubao: vimelea hupenya ngozi ndani ya maji, na wewe Jumamosi ulianguka mara nne, zote ufukweni kwenye majani, ambako konokono wanapenda kukaa. Zote ukilalia kushoto. Subiri wiki kadhaa, ukapime.